Hodi ya Nne

Kipimo kilionyesha kijani, na hilo ndilo lililomkera Fausta Hhando. Angekuta nyekundu angeelewa. Angekuta manjano angekunja uso kidogo, angeandika, kisha angekwenda kunywa chai yake. Lakini mtu aliyekimbia mara tatu katika siku nane, kila mara mpaka magoti yakamgomea, hawezi kuwa na damu safi kama ya mtu aliyeshinda kitandani. Fausta alikuwa amesoma damu za watu kwa miaka ishirini na sita, na damu haikuwahi kumdanganya. Waliomdanganya ni wenye damu zao.

"Kijani tena?" aliuliza Boay Tarmo. Alikuwa ameketi ukingoni mwa mkanda wa kukimbilia, taulo shingoni, mirija miwili bado imebandikwa mikononi. Mmoja ulitoa damu na kuipeleka kwenye mashine, mwingine uliirudisha.

"Kijani."

"Basi niandikie ya nne, dada."

Hapo Kituo cha Gunyara, juu kwenye baridi ya Mbulu, hakuna aliyesema kukimbia. Walisema kupiga hodi. Seli shina, mama wa damu yote, hukaa ndani ya uboho wa mifupa, mahali penye oksijeni kidogo, zimejifungia zisisumbuliwe. Mtu akikimbia, misuli huchoma oksijeni kwa wingi, na katika kuchoma huko hutoka chembe kali, masalia ya moto wenyewe. Zikiwa za kiasi, seli shina huzisikia kama mgeni anayebisha. Baadhi hufungua na kutoka kwenye damu kuangalia kuna nini, na hapo ndipo mashine inapozidaka ili apewe mgonjwa ambaye uboho wake umekauka. Zamani walitumia sindano kuzifukuza seli zitoke, mpaka waliochangia walipoanza kuugua wenyewe na sindano zikapigwa marufuku. Kukimbia kulionekana ni njia ya heshima zaidi.

Tatizo ni kwamba chembe zile zikizidi hazibishi tena, zinavunja mlango. Seli zinapata kutu, zinazeeka kabla ya umri wao, na seli shina yenye kutu haizai damu bali inazaa maradhi. Kwa hiyo waliotunga sheria ya kazi hii walichukua adabu ya nyumbani wakaiweka kwenye karatasi: hodi ni tatu. Usipofunguliwa, geuza urudi ulikotoka, na mlango usiguswe kwa siku tisini. Miaka mingi baadaye kilipokuja kipimo cha kutu, kile kidogo cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, sheria ikaongezewa kipande. Kipimo kikiwa kijani, hodi ya nne inaruhusiwa.

Boay alikuwa na miaka thelathini na minane na watu kumi na saba walikuwa wakitembea juu ya ardhi kwa damu yake. Kawaida hodi yake moja ilileta seli shina thelathini kwa kila tone. Ishirini zingemtosha mgonjwa wa safari hii. Zikifika ishirini, mashine ilikuwa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikisema "Karibu", utani wa mafundi waliokwishastaafu. Lakini safari hii hodi ya kwanza ilileta sita, ya pili saba, na ya tatu, ya leo, ikaleta tano. Mashine haikusema neno.

"Sijui nimekosa nini," alisema Boay. "Nilikimbia kama mwizi."

Mlangoni palisikika hodi nyingine, ya mdomo, na Mama Blandina akaingia na chupa kubwa ya chai na kikombe cha bati. Blandina alikuwa binti yake, mpima ardhi wa miaka ishirini na saba, aliyelala kwenye chumba cha vioo mwisho wa korido. Uboho wake ulikuwa umekauka kwa miezi kumi na sita. Zilibaki siku tisa. Baada ya hapo, mwili wake usingeweza tena kupokea seli za mtu. Katika kanda nzima mtu mmoja tu ndiye aliyelingana naye, na mtu huyo alikuwa akijifuta jasho pale kwenye mkanda.

"Pole kwa kazi, mkimbiaji wangu," alisema Mama Blandina. "Kunywa, uongeze damu."

Kilichomiminika hakikuwa chai. Kilikuwa chekundu, kizito, kinanukia machungwa. Boay alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote bila kupumua, na alipokirudisha Fausta akaona ndani ya bati lile. Rangi ilikuwa imeganda mistari mistari, mmoja juu ya mwingine.

"Rozela?" aliuliza.

"Rozela, sista. Na machungwa, na ubuyu kijiko kimoja kikubwa. Naamka saa kumi na moja naichemsha mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponiambia nimtunze mkimbiaji wangu. Ulisema tunataka damu yake iwe na nguvu." Mama Blandina alitabasamu kwa fahari. "Basi anapata lita mbili kwa siku. Hajawahi kubakiza."

Fausta alishusha macho kwenye kile kijani cha kipimo. Ni kweli alikuwa amesema hivyo. Aliwaambia ndugu wa wagonjwa wote maneno hayohayo, kwa miaka, na siku zote alidhani anawaambia wampikie mtu ugali wa kushiba.

*

Ubuyu, rozela na machungwa vimejaa vitu vinavyozima chembe kali. Fausta hakuhitaji kitabu kuyajua hayo. Alihitaji tu kuwa mjinga kidogo kwa siku nane, na alikuwa amefaulu. Aliweka tone la Boay chini ya darubini ya rangi na kuona jambo lenyewe. Juisi ilikuwa ikizima hodi njiani, kabla haijafika mlangoni. Mtu alikuwa akibisha kwa ngumi zote mbili na mlango umetandikwa godoro. Na kipimo cha kifundoni, kwa kuwa kinasoma damu tu, kilikuta damu imetulia kikasema salama. Ndani ya mifupa, ambako juisi hufika kwa shida, mbio tatu za kufa na kupona zilikuwa zimeacha kutu yake, na hakuna aliyeiangalia.

Dakta Wilbard Kimario aliingia bila koti. Alikuwa mkurugenzi wa kituo, lakini Fausta alimzidi miaka kumi na minne, hivyo kila amri yake ilitanguliwa na salamu.

"Shikamoo, Mama Hhando."

"Marahaba, Dakta. Boay asikimbie kesho."

"Kipimo ni kijani."

"Kipimo kimelewa rozela." Akamweleza yote kwa sentensi sita, maana alimheshimu na alijua haelewi polepole. "Nataka kumchoma sindano ya nyonga nisome uboho wenyewe. Mwisho wa sheria ni sifuri nukta arobaini. Nikikuta ameshapita hapo, anafungwa leo, asichangie."

Kimario alikaa kwenye kiti cha darubini. "Na Blandina?"

"Ndiyo maana najua leo sitalala."

"Ukiandika habari ya hiyo juisi," alisema Kimario taratibu, "kila kijani cha mwaka huu kinakuwa cha mashaka. Nitalazimika kuwaita wachangiaji kumi na tisa wachomwe nyonga. Watu watasema Gunyara inawatafuna wakimbiaji. Na kwa kifungu kile cha kipimo, mchangiaji aliyetumia kitu cha kuvuruga kipimo anafungwa siku tisini, asome nyekundu au asisome."

"Najua kifungu. Mimi ndiye ninayewafundisha wageni."

"Sasa sikiliza. Usipoandika, kesho anakimbia ya nne, kihalali kabisa. Anataka mwenyewe. Ni mtu mzima."

"Ni mtu mzima aliyekunywa juisi ya mama wa mgonjwa siku nane," alisema Fausta. "Huyo hawezi tena kukataa kitu, Dakta. Hata ukimwambia aruke kutoka kwenye paa, atauliza paa lipi."

Kimario alicheka kidogo bila kutaka. Kisha akasema anampa mpaka kesho saa nne aamue.

Fausta alijua mizani ilivyokaa. Akiandika ukweli, kifungu kinamfunga Boay na Blandina anakufa kabla siku tisini hazijafika hata robo. Asipoandika, Boay anakimbia kwa nguvu zake zote huku godoro likiwa bado mlangoni, anaungua ndani, na huenda Blandina akapata seli sita nyingine zenye kutu. Kwa hesabu yake, njia ya pili ingeweza kuwaua wote wawili, ila mmoja wao angechukua miaka. Alikasirika. Alijikasirikia kwanza, halafu akaikasirikia sheria, na mwisho akamkasirikia mtu aliyevumbua ubuyu.

*

Blandina alikuwa amekonda mpaka pua ikaonekana ya mtu mwingine, lakini macho yalikuwa yaleyale ya mtu anayepima umbali. Fausta alizungumza naye kupitia kipaza sauti cha kioo, akamweleza. Wagonjwa wa chumba kile walikuwa na haki ya kujua, na huyu usingemficha hata ungetaka.

"Juisi," alisema Blandina. Akaanza kucheka, akashika mbavu. "Mama na juisi yake. Nilipokuwa chuoni alinitumia madumu kwa basi. Wenzangu walidhani nauza."

"Nitampima Boay leo. Nikiona kuna nafasi, nitajaribu njia nyingine. Nisipoiona, sitamkimbiza."

"Ni haki." Blandina alisema hivyo upesi, kama mtu aliyekwishalipitia jambo lile peke yake mara nyingi. "Ila naomba kitu kimoja, dada Fausta. Mama asijue. Nikifa, afahamu kwamba uboho ulikataa. Usimwambie ni kikombe chake."

Fausta aliweka kiganja kwenye kioo. Ombi lilikuwa jepesi na angependa kulikubali; lingemfaa hata yeye, maana kikombe kile kilianzia mdomoni mwake. "Kesho saa kumi na moja ataamka kuchemsha nyingine," alisema. "Nimwambie nini asipeleke? Na akipata mtoto wa jirani anayeumwa mwakani, atachemsha tena."

"Utamvunja."

"Mama yako havunjiki kirahisi. Nimemwona akigombana na mpishi wetu."

Blandina hakucheka safari hii. Aligeuza uso ukutani, na Fausta akaondoka bila kuwa amempa ahadi.

*

Sindano ya nyonga ni ndefu, na Boay, aliyekimbia kilomita zisizohesabika bila kulalamika, aliomba mara mbili kujua kama ni lazima. Ilikuwa lazima. Fausta alisoma uboho wake mara tatu ili asije akajipendelea. Kila mara ulisema kitu kimoja: sifuri nukta thelathini na nne.

"Hodi yako moja ya kawaida inaongeza nukta kumi hivi," alimwambia. "Piga hesabu."

"Arobaini na nne. Nimepita kidogo tu."

"Umepita. Hakuna kupita kidogo. Baada ya hapo, ukikohoa mwaka ujao hatutajua ni mafua au ni damu yako inaanza kuharibika."

Boay alivuta suruali yake juu, akakaa vizuri. "Dada, nimempa mama yule neno langu. Alinishika mkono huu. Sasa unataka nikamwambie nini, nyonga inauma?"

"Nataka ukimbie kwa mwendo wa bibi harusi."

Alimtazama kama aliyetukanwa. Fausta akamfungulia kwenye kioo cha meza rekodi za zamani, za mwaka ambao Boay mwenyewe alikuwa kijana mgeni kituoni, mwaka ambao walimu walikuwa bado wanamwanzishia taratibu. Dakika arobaini, mwendo wa chini. Seli shina ishirini na mbili kwa tone. Kutu iliyoongezeka: nukta nne.

"Hizi ni za mazoezi," alisema Boay.

"Hizi ni za uboho wako. Halafu ukaja kujulikana, watu wakaanza kukupigia makofi, ukaanza kukimbia kama mwizi, nasi tukafurahia thelathini tukasahau kwamba ishirini zinatosha. Hodi haihitaji ngumi, Boay. Inahitaji mwenye nyumba asikie. Siku tatu bila rozela, bila ubuyu, bila chungwa. Godoro linaondoka mlangoni. Kisha unabisha kwa kidole."

"Na zisipofika ishirini?"

"Hazijafika. Tunasimama."

Alikaa akisugua nyonga. Fausta alimwacha. Alitaka jibu litoke kwake, lisitoke kwenye ule mkono ulioshikwa na mama wa watu, na hakuwa na mashine ya kutofautisha.

"Na baada ya hapo mimi?" aliuliza mwishowe.

"Baada ya hapo unafungwa. Si siku tisini. Moja kwa moja."

Boay aliitazama picha yake ya ujana kwenye kioo, mashavu yamejaa, nambari kifuani. Kumi na saba ilikuwa idadi mbaya ya kuishia, alisema, haigawanyiki. Kumi na nane ingekuwa nzuri. Kisha akaweka kidole gumba kwenye fomu.

Saa nne Fausta alimpelekea Kimario karatasi nne. Ya kwanza ilieleza juisi, siku, lita, na jina la aliyeshauri mchangiaji atunzwe bila kueleza kwa vipi: Fausta Hhando. Ya pili ilitaka wachangiaji kumi na tisa waitwe. Ya tatu ilikuwa usomaji wa uboho. Ya nne iliomba hodi ya nne kwa mwendo wa chini, kwa kipimo kikali kuliko kile cha sheria, na ilikuwa na nafasi ya saini mbili.

"Kifungu kinasema afungwe," alisema Kimario.

"Kifungu kinamfunga kwa sababu hatujui kutu yake. Mimi naijua. Nimeichungulia ndani ya mfupa. Kama wizara inataka kubishana na mfupa, waje, nitawachemshia chai."

Kimario alisoma karatasi zote mpaka mwisho, akarudia ya pili, ile ya watu kumi na tisa. Akapumua, akazitia saini zote nne.

*

Mama Blandina alikuwa jikoni kwa wageni, anakamua machungwa. Fausta alisimama upande wa pili wa meza na kumwambia, bila kuzunguka, kuanzia neno lake mwenyewe la kumtunza mkimbiaji mpaka lile godoro mlangoni. Hakuacha kitu.

Yule mama hakupiga kelele. Aliweka chungwa chini. Alitazama mikono yake iliyopauka kwa maji ya machungwa, akaipangusa kwenye khanga, kidole kimoja kimoja.

"Kumbe mimi ndiye niliyeziba," alisema.

"Tuliziba wawili. Mimi nilikupa kazi nikasahau kukupa maelezo."

"Blandina anajua?"

"Anajua. Alinikataza nisikwambie."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, kimyakimya, na Fausta alizunguka meza akamshika bega. Alisubiri mpaka yule mama alipovuta pumzi ndefu na kuuliza kwa sauti kavu, ya mtu anayetafuta pa kushika, afanye nini sasa, maana kukaa tu hawezi.

"Unajua kusalimia?" aliuliza Fausta.

"Kusalimia?"

"Kusalimia kwa kweli. Siyo mambo na poa. Kusalimia kwa watu wa huku, mtu anaanza na nyumba anaishia na mbuzi."

Mama Blandina alimtazama kama anayehofia akili zake. "Nimezaliwa Dongobesh, hapahapa Mbulu," alisema.

*

Asubuhi ya siku ya tano tangu hodi ya tatu, Boay alipanda kwenye mkanda. Mama Blandina aliwekewa kiti mbele yake, karibu kabisa, amevaa gauni lake la kanisani na viatu vya kufunga. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Mtu anayekimbia kwa mwendo salama anaweza kusema sentensi nzima. Akianza kujibu neno mojamoja, ameshazidisha, na kutu imeanza. Mashine zingeweza kupima hayo kwa namna kumi, lakini Fausta alishaona jinsi mashine zinavyoweza kudanganywa, na hakuna aliyewahi kudanganya maamkizi ya Mbulu kwa dakika arobaini.

"Habari za asubuhi?" alianza Mama Blandina.

"Nzuri tu, mama. Nimeamka na baridi lakini nimeamka."

"Habari za nyumbani?"

"Wote wazima. Ila mke wangu analalamika paa linavuja upande wa jiko, na fundi kila siku anasema kesho."

"Za ng'ombe?"

"Mmoja kazaa Jumanne. Ndama ana doa usoni, watoto wamemwita Daktari."

Kimario, aliyeegemea ukutani, alikohoa. Idadi kwenye kioo ilianza kwa tatu, ikapanda sita, ikapanda tisa. Fausta alisimama na mkono kwenye kitufe cha mwendo na jicho kwenye mstari wa pili wa kioo, ule wa kutu, uliosomwa sasa kutoka kwenye mrija mwembamba wa nyonga. Thelathini na tano. Dakika ya ishirini Boay alisahau. Miguu yake ilikumbuka miaka yake ya makofi, ikaanza kurefuka.

"Habari za shamba?"

"Nzuri."

"Nzuri tu? Vitunguu swaumu?"

"Vipo."

"Huyo anakimbia," alisema Mama Blandina bila kugeuka. "Mpunguzie."

Fausta akapunguza. Boay akaomba radhi kwa sentensi ndefu, kamili, yenye vitunguu swaumu ndani yake. Idadi ilifika kumi na moja, ikafika kumi na nne. Hapo ikasimama.

Dakika ya thelathini na moja, kumi na nne. Ya thelathini na tatu, kumi na nne. Kutu, thelathini na saba. Kimario alisogea mpaka begani kwa Fausta, akanong'ona. "Ongeza mwendo. Dakika tano tu. Zitatoka, unajua zitatoka."

Alijua. Alijua pia zingetoka na nini. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, na korido nzima kati yake na chumba cha vioo ilikuwa hatua arobaini. Angeweza. Boay angempa miguu yake bila kuuliza, na mama yule angembusu mikono. Fausta alitoa kidole kwenye kitufe, akaweka mikono yote miwili mfukoni.

"Hatubomoi," alisema.

Mama Blandina aliiona namba. Tangu siku ile ya jikoni alikuwa amejifunza kuisoma. Alikuwa amekwishauliza nyumba, ng'ombe, mbuzi, shamba, majirani, kanisa na mvua, na hakuna kilichobaki. Fausta alidhani sasa angemwomba mtu yule akimbie, na asingemlaumu. Badala yake, yule mama aliegemea mbele na kuuliza swali ambalo hakuna mtu pale kituoni aliyekuwa amemuuliza Boay kwa miaka kumi na nane.

"Na wewe mwenyewe, mwanangu? Hujambo?"

Boay alikimbia hatua kadhaa. Kisha akaanza kujibu. Alisema hajambo, ila amechoka kidogo. Alisema usiku anaota anakimbia na hafiki. Alisema alitaka zamani kuwa seremala, ana randa na msumeno vya marehemu baba yake vimelala juu ya kabati, na kwamba akitoka hapa atatengeneza hilo paa mwenyewe, fundi akae na kesho yake. Aliongea bila haraka, pumzi imetulia, mabega yameshuka, na mkanda ukazunguka chini yake kwa mwendo wa bibi harusi. Kumi na tano. Mama Blandina aliitikia kila kipande, ehee, ndiyo, pole baba. Kumi na saba. Kutu ilikuwa palepale, thelathini na saba, ikapepesuka, ikawa thelathini na nane. Kumi na nane. Alieleza paa litakuwa la namna gani. Kumi na tisa.

Hakuna aliyesogea. Boay alikuwa amefika kwenye misumari.

"Karibu," ilisema mashine.

Mama Blandina, kwa mazoea ya maisha yake yote, alijibu, "Asante, tumekaribia," akainama kuvua viatu.